Mwani Mbichi Ndani ya Kontena

Kila asubuhi bahari ilipokupwa, Mama alishuka kwenye shamba lake la mwani pamoja na watoto wake wawili. Lilikuwa shamba kweli, ila badala ya matuta lilikuwa na kamba zilizofungwa kwenye vigingi, na mwani ulining'inia juu yake mashada mashada. Mama alikata, Kaka alibeba magunia, na binti mdogo, ambaye kwa kutotulia kwake mtaa mzima ulimwita Kiroboto, aliuanika mwani kwenye vichanja na kuugeuza. Ukikauka uliwekwa kwenye kontena kuukuu la chuma, ndiyo stoo yao, ukisubiri kupelekwa kwenye mtambo wa jirani. Huko uligeuzwa kuwa gesi ya kuendeshea magari.

Kazi ya kugeuza mwani, jamani, inachosha! Jua kichwani, chumvi mikononi, na wenzako wanaruka kamba pale pale mbele yako. Siku moja wakamwita, na Kiroboto hakuwa na ubavu wa kukataa. Alisukuma magunia ya mwani mbichi mwisho kabisa wa kontena, akayafunika kwa turubai, akabamiza mlango, mbio.

Jioni Mama aliuliza, "Umeanika yote, mwanangu?"

"Yote, Mama. Nimegeuza mpaka mikono inaniuma."

"Hongera. Leo umenifaa sana."

Kiroboto aliona aibu, lakini alijiambia atauanika kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Wiki ile mawingu yalitanda, mwani wa vichanjani ukachelewa kukauka, kwa hiyo hakuna mwingine aliyefungua stoo. Yeye alijaribu mara moja tu. Harufu ya mayai viza ikamrudisha nyuma, akaufunga mlango upesi.

Mwishowe harufu ikamfikia Mama. "Mh! Kuna nini humu?"

"Labda panya amekufa," Kiroboto alisema haraka.

"Basi ngoja nimtoe huyo panya." Mama akachukua ufagio, akafungua mlango, akaingia mpaka ndani kabisa.

Haukupita muda, kikasikika kishindo. Kiroboto alichungulia. Mama alikuwa amelala kifudifudi, kimya, hatikisiki.

"Kaka! Mama ameanguka!"

Kaka alikuja mbio, na fundi wa mtambo, aliyekuwa akikagua vichanja, akamfuata. Kaka alitaka kujitosa ndani, Fundi akamdaka mkono.

"Subiri! Mmeweka nini humo?"

"Mwani mkavu tu, na hiyo harufu ni ya panya aliyekufa! Niachie, mama yangu anakufa!"

"Kama ni mkavu, basi ni joto limemzidi. Twende tumtoe."

Kiroboto alijua sheria ambayo Fundi aliwaambia wakulima wote: mwani mbichi haufungiwi. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba akisema, kila mtu atafahamu ni yeye. Kaka alikwishaweka mguu mmoja ndani.

"Msiingie!" alipiga ukelele. "Si mkavu! Kuna mwani mbichi kule nyuma, niliuficha mimi! Hakuna panya, nilidanganya!"

Fundi alimvuta Kaka nje kwa nguvu hadi wote wawili wakaanguka mchangani. "Mungu wangu! Rudini nyuma, humo kuna sumu!"

Alikimbia mtamboni, akarudi amevaa barakoa yenye mtungi wa hewa, amejifunga kamba kiunoni. Kaka alishika ncha ya kamba. Kiroboto alilia, "Mama, mama yangu!" mpaka sauti ikakauka. Fundi alipomtoa Mama, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Akampulizia hewa, tena na tena. Mama akakohoa. Lo, kikohozi kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo wowote!

Mama alipopata nafuu hospitalini, Fundi alikuja kumjulia hali.

"Kwenye matangi yetu tunafanya vivyo hivyo," alimwambia Kiroboto. "Tunaufungia mwani uoze, utoe gesi. Lakini ndani ya tangi lenye gesi haingii mtu. Kuna gesi inayoua pua kwanza. Ukiacha kusikia harufu unadhani imekwisha, kumbe ndiyo inakumaliza."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningeingia na kaka yako. Tusingetoka."

Kiroboto aliinama kitandani pa mama yake. "Nisamehe, Mama. Nilikuwa mvivu, halafu nikaogopa."

Mama alimshika mkono. Sauti yake bado ilikwaruza. "Uvivu tungeumaliza siku ile ile, mwanangu. Tungeuanika mwani pamoja, nikakugombeza kidogo, yakaisha. Lakini ukinidanganya, mimi sina habari. Niliingia mle kwa miguu yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuamini."