Akaunti Iliyosubiri Mzazi

Maoni ya kwanza yaliingia saa saba kasoro dakika tatu mchana, wiki mbili kabla tovuti haijafunguliwa kwa wananchi.

Hakuna aliyeshtuka. Ofisi ile ya ghorofa ya nne ilikuwa na waandishi wa programu wawili na bosi wao, na wote watatu walishazoea vituko vya kompyuta. Walikuwa wamepewa kazi ya kutengeneza tovuti ya kukusanya maoni juu ya mswada mpya wa mtandao. Mswada ulitaka kila anayeandika chochote mtandaoni ajulikane kwa jina lake halisi, na kila mtoto athibitishwe na mzazi wake. Tovuti nayo ilijengwa kwa masharti hayo hayo. Mtoto akijiandikisha, akaunti yake ilikaa ikisubiri mpaka mzazi abonyeze kitufe kimoja cha kijani.

Mwandishi mkuu wa programu ile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano waliyemwita Sindano, kwa sababu kosa lijifiche popote, yeye hulitoboa. Mwenzake alikuwa kijana mrefu mwenye miwani minene, na jina lake likawa hilo hilo, Miwani. Hao wawili walibishana juu ya mswada kila siku wakila.

"Dada, mnyonge ngao yake ni kutojulikana," Miwani alisema siku ile. "Akitaja jina leo, kesho anagongewa mlango."

"Na mwenye kutukana watu, ngao yake si hiyo hiyo?"

"Huyo mmoja. Usiwafunge mdomo elfu kwa ajili ya mmoja."

Sindano alikuwa anamjua huyo mmoja. Miaka sita nyuma alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Alimzika siku hiyohiyo, bila jina, maana watu walimwambia aliyekufa tumboni hapewi jina. Baada ya wiki aliandika habari zile kwenye jukwaa la akina mama, akitafuta wa kulia naye. Mtu asiye na jina akamjibu kwa mstari mmoja tu. Mstari ule Sindano hakuwahi kumsomea mtu yeyote, hata mumewe.

Lakini jina lilikuwepo. Yeye na mumewe walikuwa wamelichagua miezi mitatu kabla, wakicheka kitandani. Na wakati wa kuijaribu tovuti, alipohitaji watu wa kubuni wa kujaza mfumo, vidole vyake viliandika majina kumi na tisa ya ovyo, na la ishirini likawa lile. Akaweka na tarehe ya kuzaliwa, ile ya kweli, na kwenye nafasi ya mzazi akajiandika mwenyewe. Alipomaliza majaribio aliwafuta wote kumi na tisa. Kwa yule wa ishirini mkono ulikataa. Akajiambia atamfuta kesho.

Sasa jina lile lilikuwa kwenye skrini, na chini yake maoni: *Nakubali. Kila mtu apewe jina.*

"Miwani, umechezea akaunti za majaribio?"

"Mimi? Nilikuwa chooni, dada."

Alidhani ni mzaha wa mtu. Ila chumba kilikuwa kimeanza kunuka maziwa yaliyoungua, na ofisi ile haikuwa na jiko.

Kesho yake saa ileile, bosi na Miwani wakiwa wametoka kula, jua likiwa utosini na barabara imetulia, Sindano alisikia kibodi kikigongwa. Kilikuwa kibodi cha meza ya dirishani, ambayo haikuwa na mwenyewe tangu mwaka jana. Kiligongwa polepole, kwa kidole kimoja kinachotafuta herufi, kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipoinuka kutazama, kikanyamaza. Kwenye skrini yake mwenyewe maoni yalikuwa yamefika: *Mama, nithibitishe.*

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka, kwamba hakukimbia. Alikaa, akasoma maneno yale mara nyingi, na kitu kifuani mwake kikalegea. Mtaani kwao wanawake wa rika lake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani na mama fulani. Yeye peke yake aliitwa kwa kazi yake. Hakuna aliyewahi kumwita Mama.

Ikawa kila siku saa saba anabaki ofisini. Maoni yanakuja. *Mama, nina baridi. Mama, huku hatuna majina. Mama, bonyeza.* Naye akaanza kujibu, kwanza neno, kisha sentensi. Ila kitufe hakukigusa.

Siku ya tano, nyumbani, mumewe aliyekuwa fundi wa lifti alimkuta chumbani akibadilisha blauzi. Ilikuwa imelowa kifuani.

"Umemwagikiwa na nini?"

Mumewe akaishika blauzi, akainusa, akakaa kitandani taratibu.

"Haya ni maziwa," alisema. "Mke wangu, haya ni maziwa."

Hapo ndipo alipomweleza. Mumewe hakumkemea. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kesho mwambie mwenzako aifute. Wewe hutaweza."

Miwani alipoelezwa hakucheka. Alikuwa ameshachunguza kimyakimya maoni yale yanatoka wapi, na hakupenda alichokiona. "Kila mtu ana anwani, hata ajifiche vipi," alimwambia Sindano. "Huyu hatoki nje. Anatoka humu humu ndani, kwenye kompyuta yako, na jana asubuhi ulipokwenda benki iliendelea kuyatuma ikiwa imezimwa."

Aliifungua ile akaunti, akabonyeza kufuta. Mfumo ukamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Jina likatoweka, wakavuta pumzi, na kabla hawajaishusha jina likarudi.

Kisha mtu akaita kutoka korido. Alimwita Miwani kwa jina lake kamili, lile la shuleni ambalo pale ofisini hakuna aliyelijua, na sauti ilikuwa ya mama yake mzazi aliyekuwa mji mwingine, mwendo wa siku nzima.

"Usiitike," Sindano alinong'ona.

Lakini ulimi una mazoea yake. "Naam, mama," Miwani alisema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho siku ile. Alifungua mdomo kusema tena, pasitoke kitu. Alishika koo. Alimtazama Sindano kwa macho makubwa nyuma ya vile vioo vinene, na machozi yakaanza kumtoka kimya. Hospitali walimpiga picha za koo, wakasema halina tatizo.

Jioni ile ile mume wa Sindano alikwenda kwa shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi; waliosumbuliwa na majini walimfuata kwa mlango wa nyuma, na alikuwa hapendi kusifiwa kwa hilo. Alifika ofisini kesho yake saa tano pamoja na mume wa Sindano, na tepu ya kupimia bado iko shingoni. Miwani naye alikuwepo. Alikataa kubaki nyumbani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa mbele yangu." Alimtazama Sindano muda mrefu. "Ulimpa jina?"

"Nilimpa mwanangu."

"Hukumpa. Ulimnyima, ukaliacha barabarani. Jina lisilo na mtu ni kama nguo kwenye kamba, kila apitaye anajaribu. Huyu amelivaa."

"Na kama ni yeye, shangazi? Kama ni mwanangu kweli?"

Shangazi hakukasirika. "Mtoto wako alikaa tumboni miezi tisa. Alikuomba nini?"

Sindano alifikiri. "Hakuniomba kitu."

"Huyu anaomba kila siku. Ukibonyeza hicho kitufe umekiri kuwa wewe ni mzazi wake, na mzazi hamfukuzi mwana. Atakwenda na wewe nyumbani. Atakula pale mnapokula. Na mtoto yeyote utakayezaa baada yake, atamkuta mkubwa wake anamngoja."

Alifukiza udi, akataka wakae wote wanne, yeye mwenyewe akiwemo, wameshikana mikono, bosi akabaki mlangoni kuzuia watu. Saa saba kasoro dakika tatu sauti za barabarani zilififia kama mtu aliyefunga dirisha, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikaja nzito kuliko udi, na kibodi cha meza ya dirishani kikaanza kugongwa, safari hii si kwa kidole kimoja bali kwa vingi, haraka, kisha kibodi cha Miwani kikafuata, kisha cha bosi, vyote vikilia pamoja bila mkono juu yake, na kutoka korido sauti ya Miwani, ile iliyoibwa, ikawa inaita "Mama, mama, mama," huku Miwani mwenyewe amekaa pale pale mdomo wazi akiisikiliza sauti yake ikitembea bila yeye, na shangazi anasoma dua zake bila kupandisha wala kushusha, kama mtu anayeshona mstari mrefu, na mbele ya Sindano kile kitufe cha kijani kikazidi kukua mpaka kikajaza skrini yote, na mkono wake wa kulia ukaponyoka kwa mumewe ukaanza kuelekea kule wenyewe.

"Lichukue jina lako," shangazi alisema. "Litamke. Mpe mwenyewe."

Miaka sita hakuwahi kulitoa mdomoni. Alisikia maziwa yakimtiririka ndani ya nguo, akasikia kile kitu cha korido kimefika mlangoni na kinapumua, na bosi amefumba macho. Ndipo akalitamka jina la bintiye, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti, na mara ya tatu mumewe alilitamka pamoja naye.

"Jina hili lina mwenyewe," Sindano alisema. "Mwenyewe amelala. Wewe si yeye."

Vibodi vikanyamaza vyote. Kitufe kikapotea. Yakabaki maneno machache yaliyojiandika polepole, herufi baada ya herufi:

*Na mimi niitwe nani?*

Hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe, shangazi alieleza baadaye, kuliko zile kelele. Kwa maana Sindano alikihurumia. Akilini alikiona kiumbe kilichosimama kwenye jua kali katikati ya watu wote wenye majina, hakina hata moja, na vidole vyake vikagusa kibodi kutaka kukijibu, jina lolote lile, hata la ovyo. Shangazi alimshika kifundo kwa mkono wa fundi aliyekata vitambaa miaka arobaini, hakumwachia.

"Si kazi yako," alisema. "Futa."

Alifuta. Mfumo ukamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo, akangoja, wote wakangoja. Jina halikurudi. Barabarani gari lilipiga honi, na Miwani akakohoa, akakohoa tena, akasema kwa sauti iliyokauka, "Maji, jamani."

Maziwa yalikauka siku ya tatu. Tovuti ilifunguliwa kwa wananchi, watu wakaandika, wengine wakiutaka mswada na wengine wakiulaani, na Miwani aliendelea kubishana na Sindano mezani, ila sasa alikuwa akiitwa kutoka nje haitiki mpaka amwone mwitaji. Meza ya dirishani bosi aliiuza.

Jumamosi Sindano na mumewe walikwenda kwa mchonga mawe ya makaburi. Mzee yule aliwapa karatasi na kalamu, akawaambia waandike jina sawasawa, maana likishachongwa halifutiki. Mumewe akaandika. Sindano akatazama, akamnyang'anya kalamu.

"Hapo katikati ni herufi moja, si mbili."

"Mbili. Ndivyo tulivyosema siku ile."

"Wewe ulisema. Mimi nilikuwa nimenyamaza tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilijua tuna muda."

Mchonga mawe aliweka nyundo chini, akawaacha wabishane.