Mstari Mweupe Mgongoni

Mzee alikutwa amelala kifudifudi katika chumba cha panya wake, mkono mmoja umezama hadi begani ndani ya tundu la sakafu. Mbao mbili zilikuwa zimeng'olewa. Karibu na kichwa chake palikuwa na sahani ya bati na kijiko.

Jua la asubuhi lilikuwa limeshaingia dirishani. Kuta zilijaa vizimba vya waya, kuanzia chini hadi darini, na ndani yake panya wa kufugwa: weusi tii, weupe, wa rangi ya maziwa yaliyoungua, wenye kichwa cheusi na mwili mweupe kama waliovaa kofia. Wote walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanawatazama wageni.

"Mama yangu!" Sajini alirudi nyuma hadi mlangoni. "Afande, hawa wote ni wake?"

"Wako ndani ya waya, Sajini. Ingia."

"Nimeingia, afande. Ila nitasimama hapahapa."

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mtu asiye na papara. Alichuchumaa kando ya maiti akaitazama kwanza bila kuigusa. Hapakuwa na damu, wala alama ya kupigwa. Pua na midomo ya marehemu ilikuwa imeganda vumbi. Mfuko wa shati ulikuwa na dawa ya kifua, ile ya kuvuta kwa mdomo. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia barakoa mpya, bado imo ndani ya nailoni yake.

"Nani amemkuta?"

"Binti yake. Fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya ukuta huu."

Binti alikuwa amesimama ushorobani, tepu ya kupimia shingoni, macho yamevimba kwa kulia. Inspekta alimpa mkono. Binti akaupokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, na haukutoka.

"Niwie radhi, mama," alisema. "Nimejichoma sindano."

"Pole, mwanangu. Na pole sana kwa baba. Alikuwa anatafuta nini chini ya sakafu?"

"Panya. Walitoroka."

"Leo?"

"Siku kadhaa sasa. Aliacha mlango wa kizimba wazi. Ni mtu mzima, anasahau."

"Alikiri mwenyewe kwamba alisahau?"

"Alilia akiniambia," alisema binti.

Inspekta alimwacha aende akanawe uso.

Daktari wa polisi alikuja, akapima, akasikiliza, akaufunika mwili kwa shuka. "Uchunguzi wa maiti utathibitisha," alisema, "lakini sioni mkono wa mtu hapa. Kifua kilikuwa kibovu toka zamani. Vumbi la humu na mikojo ya panya vilikuwa vinamla kidogokidogo. Halafu akaenda kuingiza kichwa chini ya sakafu, kwenye vumbi la miaka. Pumzi ikakata."

"Basi ni ajali, afande," alisema Sajini kwa furaha ya mtu anayetaka kuondoka.

"Pengine."

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya vizimba viwili vilivyokuwa wazi. Katika vizimba vyote vingine mlikuwa na viota vya vitambaa vilivyochanwachanwa, masalio ya cherehani. Katika hivi viwili mlibaki maranda matupu. Hata chupa za maji hazikuwepo.

"Sajini, wewe ukitoroka rumande, utabeba godoro?"

"Mimi? Nitabeba miguu yangu tu."

"Basi niitie yule jirani anayefuga kama marehemu."

Jirani alikuwa fundi saa, mnene, mwenye lenzi ya kazi bado imebana jichoni. Alipoona shuka pale chini aliivua lenzi hiyo, na kwa muda hakujua pa kuiweka.

"Mlikuwa marafiki?" Inspekta aliuliza.

"Marafiki wa kutukanana, afande. Mimi nilimwita Mzee Mikia. Yeye aliniita mambo ambayo siwezi kuyasema mbele ya mama."

"Watu wanasema mligombana wiki iliyopita."

"Kweli. Nilimwomba mtoto mmoja wa uzao mpya, akanifukuza kwa ufagio."

"Uzao gani?"

Fundi saa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Marehemu mkewe alikuwa na jike mmoja, rangi ya moshi, na mstari mweupe kutoka kisogoni hadi mkiani. Umenyooka kama umepigwa kwa rula. Hakuna aliyewahi kuwa naye, si hapa wala kwingine ninakokujua. Yule jike akafa bila kuzaa. Mama naye, masikini, akafuata, mwaka juzi. Tangu hapo mzee kazi yake moja: anaoanisha, anatenga, anaoanisha tena. Anapata moshi, mstari hakuna. Anapata mstari, umepinda. Safari hii alisema damu imekaa, mstari utanyooka. Jike amezaa, lakini wachanga wa panya huzaliwa uchi, wekundu kama vidole. Lazima usubiri manyoya yaote ndipo ujue umepata nini."

"Na kabla hayajaota, wakapotea."

"Yule jike, wanawe, na Bibi."

"Bibi nani?"

"Kikongwe wa kizimba cha chini. Dada wa yule jike wa mama. Kipofu, hana meno, anakojoa alipolala. Mzee alimfuga kwa mapenzi tu."

"Ungemwiba?"

"Bibi?" Fundi saa alicheka, kisha akaona haya kucheka. "Afande, yule hata paka angemrudisha. Ningeiba jike na wanawe. Nasema ukweli, niliwatamani."

"Na ungewaibaje?"

"Kwa hadhari. Ukimhamisha jike mwenye wachanga, mhamishe na kiota chake kama kilivyo. Akikosa harufu yake mwenyewe, hofu humfanya ale wanawe. Mwizi wa mtaani hajui hilo."

"Wewe unajua. Nani mwingine?"

Fundi saa aligeuka. Alitazama ukuta. Nyuma yake cherehani ilikuwa kimya.

"Sijui, afande," alisema taratibu. "Ninachojua, alikuwa anawaita. Kutwa, siku zote hizi, anagonga sahani kwa kijiko. Ndivyo alivyowazoesha kula. Nilimwambia, mzee, pumzika. Akasema, nimewaua kwa usahaulifu wangu, nitapumzikaje."

Inspekta alimshukuru. Fundi saa alipotoka, Inspekta alimwambia Sajini, "Mwizi wa kuuza angechukua jike. Mwenye chuki angewaua wote. Huyu amebeba ajuza kipofu na chupa yake ya maji. Huyu anawapenda."

Katika chumba cha kushonea palikuwa na meza ya kukatia, nguo nusu nusu zikining'inia, na binti ameketi mbele ya cherehani bila kushona. Inspekta alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti yakikaribia kugusana.

"Nionyeshe mkono wa kulia, mwanangu."

Binti aliutoa. Ulikuwa mzima. Haukuwa na hata tundu la sindano.

"Asubuhi mfukoni mlikuwa na nini?"

Binti alitupa jicho chini ya meza.

"Huna ulazima wa kusema. Ukisema, Sajini ataandika. Lakini nadhani unataka kusema."

Binti aliinama chini ya meza, akavuta kikapu kikubwa kilichofunikwa shuka nene. Alikifunua. Ndani jike alikuwa amejikunja kwenye kiota, wanawe wamemzunguka. Pembeni, kikongwe mmoja alilala juu ya kipande cha mahameli. Binti aliingiza vidole viwili akatoa mtoto mmoja, akamweka kiganjani.

Manyoya yalikuwa yameota. Yalikuwa mafupi bado, ya rangi ya moshi. Kutoka kisogoni hadi mkiani ulishuka mstari mweupe, umenyooka.

Sajini alisahau uoga wake, akasogea. "Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Ulikuwa naye mfukoni," alisema Inspekta.

"Leo asubuhi nilifunua kikapu nikamwona. Nikasema, basi, yaishe, nampelekea baba. Nitamwambia ni mimi. Atanitukana, atacheka, yaishe. Nikamtia mfukoni nikaenda." Alimtazama mtoto kiganjani. "Nikafungua mlango nikisema, baba, fumba macho, nimekuletea kitu."

"Ulimfanyia hivi kwa nini?"

"Daktari wa hospitali alituweka chini wote wawili. Alimwambia, mzee, ni wewe au panya. Nilimnunulia barakoa, akaitundika. Nilimsihi awagawe kwa fundi saa, akanishutumu kwamba nataka kumzika mama mara ya pili. Nikaona, nikiuondoa uzao huu tu, moyo utakatika, atawaacha na wengine. Nitawatunza mimi, akipona nitamrudishia. Nilimchukua na Bibi kwa sababu ni wa mama, nikaogopa baba akiacha kuwatunza, yeye ndiye angekufa wa kwanza."

"Na mlango wa kizimba?"

"Niliuacha wazi ili adhani amesahau. Asimshuku mtu." Alijipiga kifuani kwa ngumi. "Nilitaka ahame kwenye vumbi, mama. Nikamtia ndani ya vumbi kichwa kizima."

"Ulimsikia akiwaita?"

"Ukuta huu ni mbao. Nilisikia kila kitu, hata kikohozi. Nilisema moyoni, atachoka. Akigonga sahani, hawa nao wanaamka, wanakimbilia upande wake. Ndiyo nikawafunika shuka nene, wasisikie."

Sajini alikuwa ameacha kuandika.

Hakukuwa na muuaji wa kumfunga pingu hapo. Inspekta alifikiri, huyu akitoka kwangu ataadhibiwa na ukuta huu siku zote za maisha yake. Alimgusa bega.

"Tutakwenda kituoni uandikishe maelezo. Hutafungwa pingu. Fundi saa atawalisha wote mpaka urudi. Mrudishe mtoto kwa mama yake, asipoe."

Binti alimrudisha. Inspekta alimtuma Sajini chumba cha pili kuchukua vielelezo.

Sajini alirudi amebeba sahani, kijiko kikitikisika juu yake. Alipovuka kizingiti, bati liligonga bati, kwa sauti ndogo tu.

Kikapuni jike aliinuka. Kikongwe kipofu naye aliinuka, miguu ikitetemeka, akageuza pua kuelekea ukutani.

"Shika hicho kijiko, kaka," alisema binti, akiziba masikio. "Tafadhali, kishike."