Kengele ya Mzee Tokuji

Yaliyompata rafiki yangu Chizuru nayasimulia kama alivyonisimulia, na mpaka leo hataki mtu atembee nyuma yake. Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji imeanza kulegea, naye anapanda mlimani kuangalia kama paa la kibanda cha marehemu baba yake limeelemewa. Pale njia inapoanzia, jirani yao, Mzee Tokuji, akamfungia kengele nyuma ya mkoba.

"Dubu wameamka na njaa, binti. Wakusikie mapema, wakupishe."

"Wakikuona wewe, Mzee, watarudi kulala!"

Alipanda kengele ikilia mgongoni, kli, kli, kila hatua. Paa alilikuta salama. Wakati wa kushuka ukungu ukatanda, hata miti haionekani. Akainama kukaza kamba za buti. Yeye ametulia tuli, kengele ikalia mara mbili, ndipo ikanyamaza.

Akajiambia ni mwangwi. Akatembea kidogo, akasimama ghafla. Safari hii ililia mara moja tu, karibu na sikio. Alishuka mbio, akianguka na kuinuka, nayo haikukosa hatua hata moja.

Alimkuta Mzee Tokuji mwanzoni mwa njia, akizoa theluji kwa koleo.

"Wewe huna masikio? Asubuhi nimekuita mpaka sauti ikanikauka! Fundo lililegea, kengele ikadondoka hapahapa."

Akaitoa mfukoni, ameifumbata kwenye glavu isilie.

Na mgongoni kwa Chizuru ikalia, kli.