Mikono ya Mama Esnath Kwenye Katuni ya Yusto

"Doro, njoo uone hii katuni! Nakufa mimi!"

Dorosela aliacha kupima mbegu za mahindi, akasogea. Jenifer, muuzaji mwenzake pale dukani Makambako, alikuwa ameinua simu juu, wateja watatu wamemzunguka wanashika mbavu. Kwenye kioo, mama mkwe mmoja mnene, mchoyo, alikuwa akimfichia mkwewe nyama chini ya kiti huku akimfokea.

Dorosela naye akacheka. Halafu akaacha ghafla, akaisogelea simu.

Kabla ya kila neno, yule mama wa katuni aliudaka mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaubana kifuani. Bega likapanda. Shingo ikalala upande, midomo ikahangaika kutafuta pa kuanzia. Neno lilipotoka, vidole vya kushoto vikatetemeka.

"Hivyo ndivyo anavyoongea mama yangu," Dorosela alisema.

"Acha utani bwana!" Jenifer akadakia, kisha akamtazama usoni. Akaishusha simu polepole.

Katuni ilikuwa ya Yusto, mchumba wa Dorosela, aliyekuwa akizitengeneza kwenye kompyuta mjini Njombe. Mwezi mzima alikuwa amelalamika kwamba mhusika huyo anamshinda. Sauti iliyorekodiwa na msanii mmoja, Cresensia, ilikuwa kali na tamu, lakini mwili haukuifuata. Ulisimama kama nguzo ya umeme. Halafu siku moja akapiga simu anashangilia: "Doro, nimempata!"

Dorosela alitoka nje ya duka, akapiga.

"Yusto, yule mama mkwe umemtoa wapi?"

"Umeiona? Watu laki mbili, Doro! Laki mbili kwa siku tatu!"

"Nimekuuliza umemtoa wapi."

Yusto akashusha sauti.

"Siku ile niliyokuja kwenu Kifanya kujitambulisha... nilimrekodi mama kidogo kwa simu. Mikono yake ina uhai, wewe mwenyewe unajua. Nikaifuata hatua kwa hatua mpaka ikakaa sawa na maneno."

"Ulimwomba ruhusa?"

"Ningemwomba angejikaza mbele ya kamera. Isingetoka vile."

Dorosela alikata simu bila kuaga. Kabla hajaiweka mfukoni, ujumbe wa mdogo wake, Ezekieli, ukaingia:

"Dada, mama haongei tangu jana. Wenzake wa kwaya walimwonyesha video wakicheka. Ameufunga mkono kwenye kitenge, hataki mtu auone."

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la kwanza kwenda Njombe. Yusto alimfungulia mlango akiwa na sweta na kikombe cha chai, akatabasamu. Dorosela hakumrudishia tabasamu.

"Doro, nisikilize kwanza. Sura si yake, nimeibuni. Sauti ya Cresensia. Maneno nimeandika mwenyewe. Nilichochukua ni miondoko tu."

"Miondoko tu?" Sauti yake ilipanda mpaka jirani akachungulia. "Yusto, mama alipopigwa na kiharusi alikaa miezi saba hajatamka neno. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Siku aliyoita jina langu, alikuwa ameushika mkono huo, hivyo hivyo ulivyomchora. Mpaka leo asipoushika, neno halitoki. Sasa ameuficha. Umemnyang'anya mama yangu mdomo, unaniambia miondoko tu!"

Yusto aliweka kikombe chini.

"Sikujua."

"Hukuuliza!"

"Naifuta. Tazama, naifuta sasa hivi." Akabonyeza vitufe kwa haraka. "Imeondoka."

"Na kwenye simu za wale wanakwaya utaifutaje?"

"Doro, tuna harusi Desemba. Tusiiharibu kwa ajili ya katuni."

Dorosela aliufungua mlango.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda Kifanya. Na ile video uliyomrekodi, njoo nayo."

Mama yake Dorosela, Mama Esnath, walimkuta sebuleni, amekaa na shemeji yake, Methusela, ambaye Dorosela humwita baba mdogo. Kitenge kilikuwa kimemzunguka kifuani, mkono wa kushoto hauonekani.

"Kamwene," alisalimia Yusto kwa Kibena. "Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

Methusela aliitikia. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Yusto alipiga magoti kwenye saruji.

"Mama, nimekosa. Nilikurekodi bila kukuambia, nikakufanya kichekesho cha watu. Sikuwa na nia ya kukudharau. Naomba unisamehe."

Mama alimtazama. Midomo ikacheza, neno halikuja.

"Mwambie alikuwa anasema nini kwenye hiyo video," alisema Dorosela.

"Nini?"

"Siku ile alikuwa anakuambia nini wakati unamrekodi?"

Yusto alitazama sakafu. "Sijui. Mimi nilikuwa natazama kwenye kioo cha simu. Na wakati wa kazi nilizima sauti, nipate kuona mwili vizuri."

"Washa."

Aliwasha. Sauti ya Mama Esnath ikajaa chumbani, nzito, ya kukatika:

"Yusto... mwanangu. Maneno... yananichelewa. Huyu Dorosela... alinisubiri. Kila neno... alilisubiri. Na wewe... ukimuoa... msubiri hivyo. Mungu... awabariki."

Methusela alivua kofia. Yusto alijifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika.

Kitenge kikasogea. Mama aliutoa mkono, akaushika, akaubana kifuani. Walisubiri.

"Iliniuma," alisema. "Nilikuwa... nakubariki. Ukanifanya... mchoyo." Akapumua. "Nime... nimekusamehe. Lakini binti... atajijibia... mwenyewe."

Yusto aligeuka haraka. "Doro, umesikia? Mama amesamehe!"

"Amesamehe la kwake. Nikuulize mimi. Siku nikiugua, nikatembea kwa kuburuta mguu, utanishika mkono au utawasha simu?"

"Nitakushika! Hilo nalo la kuuliza?"

"Mama alikuwa anakubariki, Yusto. Umekaa kwenye nyumba yake, umeshiba viazi vyake, anahangaika na kila neno kwa ajili yako. Ukawasha simu."

Dorosela alivua pete, akaiweka kwenye kiganja cha Methusela.

"Baba mdogo, naomba uwarudishie wazazi wa Yusto pete hii pamoja na barua yao ya posa. Uwaambie ni mimi niliyekataa."

"Umefikiri vizuri, mwanangu?"

"Njia nzima kutoka Makambako."

Yusto aliondoka kwa miguu kwenda kusubiri gari barabarani. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumapili, Dorosela alimpeleka mama yake kanisani. Baada ya matangazo, Mama Esnath alisimama, akaomba nafasi. Aliushika mkono wake mbele ya watu wote, na kanisa likangoja.

"Mkono huu... ni wangu," alisema. "Ndio... unaoongea. Anayetaka kuucheka... anicheke... hapa... nikimwona."

Hakuna aliyecheka. Kwenye viti vya kwaya, wanawake wawili waliinamisha vichwa. Dorosela, aliyekuwa hajatoa hata chozi tangu avue pete, alijifunika mtandio akamlilia Yusto kwa kwikwi, kwa sababu alikuwa amempenda kweli.