Petroli Ndani ya Chupa ya Maji

Siku hiyo mjinga alikuwa Magidu, wala habishi.

Korona ilikuwa imefunga barabara. Bodaboda yake, iliyozoea kukimbia kati ya Bwera na Mpondwe, sasa ilisimama ukutani kama mbuzi mgonjwa. Magidu aliogopa wezi wa petroli. Akaitoa yote kwenye tangi, akaijaza kwenye chupa ya maji, akaiweka chini ya meza.

"Hamidah," alimwambia mkewe, "mume wako iko na akili!"

Mchana binti yao Naswiba, wa miaka mitatu, alishikwa na kiu. Akaiona chupa. Alimeza funda moja, akaanza kukohoa na kulia. Mdomo ulinuka petroli.

Magidu akakoroga maji ya chumvi. "Kunywa, mama! Tapika!"

"Wacha!" Alikuwa jirani yao Musimenta, muuguzi, aliyesikia kilio. "Usimtapishe. Petroli ikirudi juu, inaingia kwa mapafu. Hata maziwa usimpe. Mvue gauni, imelowa. Pelekeni hospitali sasa hivi!"

"Sista, na askari wa barabarani?"

"Mgonjwa wa haraka anapita. Washa pikipiki!"

Tangi lilikuwa kavu. Ikabidi Magidu amimine humo petroli ya chupa ileile. Hamidah akapanda nyuma na mtoto.

Kizuizini mwanajeshi aliinua mkono. "Wewe! Abiria ya nini?"

"Afande, mutoto amekunywa petroli!"

"Pita! Mbio!"

Hospitalini daktari aliangalia pumzi ya Naswiba mpaka jioni. Mapafu yalikuwa salama. Musimenta aliwafuata kwa miguu.

"Zamani wodi hii ilijaa nyinyi watu wa boda, miguu imevunjika," alimwambia Magidu. "Sasa barabara imenyamaza, ajali zimehamia nyumbani. Wiki hii tumepokea watoto walioungua kwa maji moto, mzee aliyeanguka kutoka juu ya paa, na mama asiyetaka kusema nani amempiga."

"Na mimi nimeleta petroli," Magidu akasema, macho chini.

"Umeleta mtoto, tena mapema. Ndiyo maana anapumua."

Siku hizi petroli ya Magidu inakaa kwenye dumu lenye kifuniko, ndani ya banda la nje lenye kufuli, mbali na moto. Naswiba amepona, anasumbua kila mtu.

Rafiki yake Magidu, Baker, naye wa boda, alimcheka. "Uoga tu! Yangu iko kwa chupa ya soda."

"Baker, hata mimi nilikuwa na akili kama hiyo."

"Lakini mimi nimeandika juu: PETROLI. Kubwa kubwa!"

Hamidah akageuka mlangoni, mtoto kiunoni.

"Kwani kiu inasoma?"