Matundu Matatu Kwenye Ramani

— Andika tu, mpenzi. Mistari miwili: "Ramani hii ni ya kweli, ni ya mwaka 1768." Weka sahihi, basi. Mnunuzi anafika kutoka Boston saa kumi.

Corwin Tisdale alisema hivyo huku akitafuna uzi. Ndiyo tabia yake, kipande cha uzi mweupe wa pamba hakikumtoka pembeni mwa mdomo, na Damaris Folger alikuwa akimtania kila siku, "Wewe ni mchumba au mbuzi?"

Leo hakumtania.

Walikuwa kwenye chumba cha kusomea, ghorofa ya juu ya maktaba ya Pease Harbor, chumba alichokilinda Damaris miaka kumi na moja. Nje ukungu ulikuwa umemeza nguzo za gati, kengele ya boya ikilia mara mojamoja. Arusi ilikuwa Jumamosi, keshokutwa. Gauni lilishanyooshwa likatundikwa, na dada zake Corwin walishaagiza ndoo mbili za supu ya chaza.

Mezani, juu ya kitambaa cheusi, ilitandazwa ramani: bandari yao ilivyokuwa enzi za mfalme wa Uingereza. Magati kumi na mawili, kanisa dogo kama punje ya mchele, na majini tarakimu za kina, moja moja, kazi ya mkono wenye subira.

— Niambie tena ulikoipata, alisema Damaris.

— Jamani, mara ya ngapi hii? Kwa yule mjane wa Nantucket. Darini, ndani ya sanduku la mablanketi.

— Na matundu haya?

Corwin akatabasamu. Matundu yalikuwa matatu, madogo kama ncha ya sindano, yamekaa kama unyayo wa kuku.

— Mdudu wa vitabu huyo. Wauzaji wenzangu wangeyaziba kwa gundi, mimi nimeyaacha. Hicho ndicho cheti cha uzee! Mnunuzi akiyaona, maswali yamekwisha.

— Mdudu wa vitabu, Damaris alirudia taratibu. Sasa kwenye sanduku la mablanketi alifuata nini?

Uzi ukasimama mdomoni.

Damaris akavuta droo, akatoa kitabu kikubwa cha ramani za pwani, jalada lake ngozi ya ndama iliyochakaa pembe. Akakifungua alipokuwa ameweka utepe. Katikati ya kurasa mbili palibaki ukingo mwembamba wa karatasi, umechanika manyoyamanyoya. Wembe haukupita pale.

— Juzi Jumanne nimehesabu kurasa. Moja haipo.

— Kitabu cha miaka mia mbili na hamsini, Damaris! Labda nahodha mmoja aliing'oa kabla babu yako hajazaliwa.

Damaris aling'oa unywele mmoja kichwani, mnene na mgumu kama nywele zote za ukoo wa Folger. Akailaza ramani penye pengo, akainua kurasa tatu pamoja, akausogeza unywele kwenye tundu la kwanza. Ukaingia ukurasa wa juu, ukapita ramani, ukatokea ukurasa wa chini. La pili, vivyo hivyo. La tatu akakosa, akajaribu tena.

Ukapita.

— Mdudu huyu alikula humu humu, Corwin. Hakuwahi kufika Nantucket.

Corwin akauliza kwa sauti ya chini:

— Nani mwingine anajua?

Swali hilo lilimchoma Damaris kuliko wizi wenyewe.

— Ulitumia uzi, alisema. Uliulowesha kwa mate, ukaulaza kwenye mshono, karatasi ikalainika, ukavuta. Mwaka mzima nakucheka, kumbe nacheka na kisu.

— Nisikilize. Mwanzo ulikuwa mpango, sikatai. Baadaye nikakupenda. Kweli kabisa.

— Uliichukua lini?

— Ina maana gani sasa?

— Lini, Corwin?

— Novemba. Siku ya theluji ya kwanza.

Damaris alikuwa ameomba moyoni asikie siku nyingine yoyote. Sheria ya chumba kile ni moja: mlinzi hamwachi msomaji peke yake na kitabu, hata moto uwake. Aliivunja mara moja tu, siku ya theluji ya kwanza, mgeni mmoja alipokunja mabega kwa baridi na kumwambia, "Bibie, ningepata chai, ningekuoa." Akashuka kumchemshia. Dakika kumi. Aliporudi na chai, mgeni hakuigusa. Ilipoa pale kwenye meza ya mlangoni. Na tarehe hiyo ndiyo aliyoichapisha kwenye kadi za arusi: siku tulipopendana.

— Basi utaandika, alisema Corwin, na sauti haikuwa tena ya mchumba. Usipoandika nitawaambia ulitoka. Kwenye daftari la wasomaji umetia sahihi: "Nilikuwepo muda wote." Uongo wako huo. Tukizama, tunazama wote, mpenzi.

Simu ikatikisika juu ya meza. Damaris akaisoma, kisha akaigeuza ili naye asome. Ujumbe ulitoka kwa Bi Winslow, mkuu wa maktaba:

"Nimeisoma barua yako ya asubuhi, habari ya chai na ile sahihi. Umenivunja moyo, na Jumatatu utajieleza mbele ya wakubwa. Lakini leo bado wewe ndiye mlinzi. Mzuie. Niko chini na polisi."

Uso wa Corwin ukawa mweupe kama kitambaa cha altare.

— Umejichoma mwenyewe! Ungenyamaza, ungebaki na kazi na mume.

— Mume yupi?

Nyayo zilisikika ngazini. Damaris akavua pete, akaiweka mezani, mbali na ramani. Akaenda kwenye meza ya mlangoni, akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, mvuke ukapanda.

— Kunywa, Corwin. Leo nimekuja nayo. Sitoki.