Safari ya Uani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dira alifagia gereji ya baba yake. Aliokota nati zilizoanguka, akakusanya matambara yenye grisi, kisha akapita akiyatazama magari yaliyolala humo kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Dira si jina alilopewa alipozaliwa. Baba yake ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kupotea njia. Ukimpeleka sokoni kwa vichochoro, atakurudisha kwa vichochoro vilevile, tena akikukosoa ulipokata kona vibaya.

Mdogo wake aliitwa Chiriku. Jina hilo halihitaji maelezo: mdomo wa mtoto yule ulipumzika alipolala tu, na hata usingizini haukuaminika.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Fundi akimaliza kukaza nati au kufunga breki, alichora mstari wa chaki palepale alipofanya kazi. Mstari ule ulisema: nimefanya kwa mkono wangu, na kazi imekwisha. Hakuna aliyerudi kukagua chaki ya mwenzake.

"Chaki ni neno la mtu," Baba alizoea kusema. "Tukianza kukaguana maneno, gereji itajaa wakaguzi na gari halitatoka."

Mwaka huo, gari lililojaza nafasi gerejini halikuwa la mteja. Lilikuwa gari kuukuu la kusambazia mikate. Baba alilinunua likiwa limechoka, akalifufua. Alilitoboa dirisha ubavuni, akalitia vitanda vya kukunja, jiko la gesi, na benchi lenye nafasi ya tangi la maji chini yake. Mama, ambaye ni mshonaji, alishona mapazia na foronya za mito. Gari hilo wote waliliita Konokono, maana lilibeba nyumba mgongoni na halikuwa na haraka na mtu.

Likizo ndefu ikianza, Konokono angezunguka kisiwa kizima. Wangelala ndani yake, au kwenye hema penye nafasi, na upande wa pili wa kisiwa wangefika kwa dada yake Bibi. Huo ndio uliokuwa moyo wa safari. Bibi, mama mzazi wa Baba, hakuwa ameonana na dada yake kwa miaka mingi, na Bibi alikuwa ametoka hospitali majuzi tu kwa ugonjwa wa tumbo. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: maji safi, kila kikombe, bila mchezo.

"Tumbo likimrudia njiani," daktari alimwambia Baba, "mrudisheni haraka. Na sidhani kama nitamruhusu tena."

Basi jioni baada ya jioni familia ilikaa mezani, ramani imetandazwa kati ya vikombe vya chai. Dira aliipaka rangi: nyekundu kwa zahanati, buluu kwa mahali pa kujaza maji, kijani kwa mahali pa kupiga hema.

"Tuanzie kushoto," alisema Baba. "Barabara ya huko ni nzuri."

"Tuanzie kulia," alisema Bibi. "Dada yangu yuko karibu zaidi kwa kulia."

"Lakini Mama, kulia kuna milima."

"Milima inapandwa na gari, haipandwi na mimi. Hata hivyo kisiwa ni duara, mwanangu. Hata ukikosea, utafika tu."

Chiriku alicheka mpaka chai ikampalia. Wakakata shauri kuanzia kulia.

"Na nani atakaa mbele kusoma ramani?" Dira aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Wewe, nani mwingine?" Baba alisema. "Utakaponiambia kata kona, nitakata."

Dira alijiona amekua ghafla.

Kila mtu alipewa kazi yake. Ya Dira ilikuwa kusugua tangi la maji. Lilikuwa limekaa nyuma ya gereji muda mrefu, na mdomo wake ulikuwa mwembamba. Mkono wa Baba haukupita, na wa Chiriku haukufika chini. Mkono wa Dira ulitosha.

"Sugua kwa brashi na sabuni mpaka kwenye pembe," Baba alimwelekeza. "Suuza. Kisha jaza maji, tia dawa ya kuua vijidudu, uache mpaka kesho yake. Halafu suuza tena. Ukimaliza, chaki yako."

Dira alifungua kifuniko akainama. Lo! Harufu ya uvundo ilimpiga usoni. Aliingiza vidole, vikagusa utelezi, akauchomoa mkono mbio. Aliwaza ramani yake iliyokuwa inamsubiri mezani, bado hajaipaka rangi upande wa milima. Alitazama tangi. Akamimina maji kidogo ndani, akalitikisa, akayamwaga. Maji yalitoka na uchafu kidogo. Akatia mengine, akayamwaga. Haya yalitoka meupe.

"Si yametakata?" alijiambia. Siku ya pili yake akachukua chaki, akachora mstari ubavuni mwa tangi.

"Tayari?" Baba aliuliza kutoka chini ya gari.

"Tayari, Baba."

Baba hakutoka kwenda kutazama. Alilibeba tangi, akalifunga chini ya benchi.

Sasa, Baba yule alikuwa na jambo lingine ambalo majirani walilicheka. Hakuanza safari ndefu bila kwanza kuifanya nyumbani. Aliliegesha gari uani, akafunga mlango wa nyumba, na ufunguo akampa jirani, tena jirani asiyebembelezeka. Siku nzima familia ingeishi ndani ya gari kana kwamba iko porini. Aliyesahau kijiko angekula kwa vidole. Siku hiyo aliiita safari ya uani.

"Ukisahau kitu uani, utacheka," alisema. "Ukikisahau porini, utalia."

Jumamosi ya mwisho kabla ya kuondoka, safari ya uani ilianza. Tangu alfajiri Mama alikuwa amechemsha maji, akayapoza na kuyachuja kwa kitambaa safi. Dira alipotoka nje, alimkuta akimimina sufuria ya mwisho ndani ya tangi.

"Mama, umeyachemsha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yamechemka mpaka yamechoka. Ya Bibi yako haya, siwezi kufanya mchezo."

Dira alikuwa amepanga kuamka mapema alisugue tangi kimyakimya, lakini usingizi ulimshinda. Sasa angesema nini? Akisema, kiti cha mbele kwaheri. Asiposema... Alijipa moyo kwamba maji yaliyochemshwa hayana ubaya. Lakini aliikumbuka harufu ile, na moyo haukukubali kudanganywa.

Bibi alipanda garini akiwa na mkoba wake, akajaribu kitanda, akakisifu, kisha akalalamika kwamba mto ni mwembamba kama chapati. Chiriku alisahau sabuni akaambiwa yuko porini, ajitegemee. Mama alipika wali juu ya jiko la gesi huku viwiko vyake vikigonga kila kitu. Wote walikuwa na furaha. Dira peke yake hakumaliza chakula chake.

"Dira, mbona umenuna?" Bibi aliuliza. "Tumeshafika porini simba kakutisha?"

"Hapana, Bibi."

Baada ya kula, Bibi alitoa kidonge chake mkobani. "Baba Dira, hebu nipe maji ya porini nimeze dawa."

Baba alifungua bomba dogo. Maji yakatiririka ndani ya kikombe, maangavu kabisa. Bibi akaweka kidonge ulimini, akakipokea kikombe, akakiinua.

"Bibi, usinywe!"

Sauti ya Dira ilimshtua hata yeye mwenyewe. Mkono wa Bibi ulisimama njiani.

"Sikulisugua tangi," Dira alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Nilisuuza tu. Lina utelezi ndani. Linanuka. Nilichora chaki ya uongo."

Bibi alikitema kidonge kiganjani, akakiweka kikombe chini polepole. Baba alichukua tochi, akafungua kifuniko, akamulika. Kwenye pembe zote kulikuwa na utando wa kijani. Akalowanisha kidole gumba kwa ulimi, akaufuta ule mstari wa chaki.

Laiti angemfokea! Dira aliona afadhali kofi kuliko kidole kile.

"Maji yote niliyochemsha," Mama alisema taratibu. "Nilidhani nayatia mahali safi. Mwanangu, maji safi ndani ya chombo kichafu ni maji machafu."

"Nisameheni," Dira alisema. "Bibi, nisamehe."

"Lifungue tangi," Baba alisema hatimaye. "Kazi ipo palepale ulipoiacha."

Mchana ule Dira aliingiza mkono mpaka begani. Alisugua pembe moja baada ya nyingine mpaka vidole vikakunjamana, huku Chiriku akimshikia tochi na kumsimulia habari za kila aina ya kijidudu alichowahi kusoma. Kisha akajaza maji, akatia dawa. Dawa ilitaka kukaa mpaka kesho yake, na kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya kuondoka. Ilibidi Mama aazime simu ya jirani kumpigia dada yake Bibi kwamba watachelewa.

Dira alimfuata Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya Konokono.

"Bibi, nimekuchelewesha."

"Dada yangu amenisubiri tangu ana meno yote," Bibi alisema. "Sasa yamebaki mawili. Kwa siku moja hayatang'oka."

Dira alitaka kucheka, akalia. Bibi alimvuta karibu.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Baba yako alipokuuliza, ungesema 'bado.' Bado si aibu. Kila fundi ana bado yake. Ila 'tayari' ya uongo mtu huiegemea, na akianguka unaanguka naye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisi je, hatutaki kuzunguka kisiwa kizima?"

"Tunataka, Bibi."

"Basi. Na leo ulipopiga kelele ulijua utapoteza nini, ukapiga hivyo hivyo. Hilo nalo nimeliona."

Kesho yake Dira alisuuza tangi mara kadhaa, akalinusa ndani yake, akapitisha kidole kwenye pembe. Baba alisimama kando na kipande cha chaki.

"Tayari?"

Dira alifikiri. "Bado, Baba. Sijasafisha bomba lake."

Baba akarudisha chaki mfukoni na kungoja. Bomba liliposafishwa, akampa. Mstari aliouchora Dira safari hii ulikuwa mdogo, lakini hakuna aliyeufuta. Bibi ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza, tena akaomba cha pili.

Asubuhi iliyofuata Konokono alitoka uani. Kwenye kiti cha mbele alikaa Bibi, kwa amri yake mwenyewe, akisema anataka kuiona milima kabla haijamwona. Dira alikaa nyuma, juu ya benchi la tangi, ramani magotini. Hakulalamika.

Walipotoka mjini walifika njia panda isiyo na kibao.

"Dira!" Baba aliita bila kugeuka. "Kushoto au kulia?"

Chiriku aliruka. "Kulia! Kulia!"

Dira alitazama ramani. Njia zote mbili zilielekea milimani, na pale kwenye karatasi kulikuwa na mkunjo uliofuta mstari. Zamani angebahatisha tu, ilimradi asiumbuke.

"Sina uhakika, Baba," alisema. "Simama kidogo tumuulize mtu."

Baba alisimamisha gari. Alimtazama binti yake kwenye kioo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Mama," alimwambia Bibi, "ukichoka kukaa mbele, mpishe mwenye ramani."